Leso za Mguu wa Shangazi

Walisema sitaweza. Walisema mtu aliyekwenda Uarabuni kusukuma vitanda vya wagonjwa hawezi kurudi Msambweni akawa tabibu. Walisema stashahada yangu ya uuguzi, niliyoitia fremu na kioo, nimeinunua Nairobi kama mtu anunuavyo viatu. Na walipochoka kuisema karatasi waliuendea mguu wa shangazi yangu. Mguu ule ulikuwa na kidonda cha miaka saba, juu kidogo ya kifundo, upande wa ndani. Kilikuwa kimewashinda waganga watatu na zahanati mbili. Kile, walisema, hata ukiitia mikono yako fremu hutakifunga.

Mimi si mtu wa kujishusha, na sitaanza leo. Nilitoka kwetu na mashati mawili. Kwa miaka sita nilisukuma vitanda katika hospitali moja ya mji wa Uarabuni, kisha nikaenda Nairobi nikasoma miaka mitatu na nusu, mchana darasani na jioni nikipanga mizigo katika bohari. Hakuna aliyenishika mkono. Nilirudi na stashahada, saa ya mkononi na sanduku la magurudumu, nikashuka kituoni polepole ili wote wanione nikishuka.

Ilikuwa mwishoni mwa miaka ya tisini, mwaka uliofuata zile mvua kubwa zilizoikata barabara ya Vanga. Nikiikumbuka miaka ile huja kama kitu kinachoonekana kupitia mvuke. Labda ni kwa sababu kumbukumbu zangu zote za wakati ule zina mvuke ndani yake: mvuke wa mahamri ya shangazi, mvuke wa chumba cha kufulia katika hoteli ya Diani, mvuke wa sufuria ambamo tulichemsha vile vitambaa tena na tena mpaka maua yake yakasahau rangi.

Shangazi ndiye aliyenilea. Alikuwa akiuza mahamri na mbaazi za nazi mbele ya nyumba yake. Nyumba hiyo aliijenga mwenyewe, chumba baada ya chumba, na kila chumba kilitokana na karai lile lile la mafuta. Tangu baada ya sala ya alfajiri mpaka jua linapokuwa kichwani alisimama mahali pamoja, mwiko mkononi, mguu wa kulia nyuma kidogo kama mtu anayetaka kuondoka asiondoke. Miaka thelathini alisimama hivyo. Alipoketi, aliketi juu ya mbuzi kukuna nazi, magoti yamekunjwa. Sikumbuki kumwona akitembea pasipo sababu.

Niliporudi, ngozi ya mguu ule kutoka muundini mpaka kifundoni ilikuwa imegeuka rangi ya hina iliyokolea, ile ya bi harusi siku ya pili. Lakini hina hii haikuwa na maua wala haikutoka kwa maji. Nyama chini yake ilikuwa ngumu kama ubao. Juu ya goti mishipa ilikuwa imejipinda chini ya ngozi, na katikati ya hiyo hina, kidonda, kikubwa kama kifuniko cha birika, kikilia maji usiku na mchana.

"Shikamoo shangazi."

"Marahaba mwanangu. Umenenepa. Usiuangalie mguu, niangalie uso."

Nilimwangalia uso. Kisha nikauangalia mguu.

Juma lile lile nilikuta ukoo umeshakata shauri. Baba mkubwa, kaka yake shangazi, alikuwa amepata neno kwa mganga wa upande wa milimani Kwale: kuna kitu kimezikwa kizingitini mwa nyumba, shangazi alikikanyaga, na muda wote atakaolala mle mguu hautapona. Dawa ni kuihama nyumba. Milango itang'olewa, mabati yatashushwa, na yeye atapelekwa kwa binamu huko huko milimani, mbali na barabara, mbali na wateja.

"Nyumba ni mawe," baba mkubwa aliniambia barazani. "Mtu ni mtu. Utamchagua yupi?"

"Nitachagua vyote viwili," nikasema. "Nipe huo mguu."

Alicheka, akawaangalia wazee wenzake. "Nikupe mguu. Sikilizeni. Anaomba mguu kama anaomba kuku."

"Nipe mpaka Idi."

Idi ilikuwa mbali, miezi saba. Shangazi alikuwa mlangoni, amesimama kama kawaida yake, na nilimwona mkono wake ukiupapasa mwimo wa mlango. Mlango ule ulikuwa wa mbao ya mbambakofi, aliununua baada ya miaka minne ya kukanda unga. Baba mkubwa naye aliuona ule mkono. "Mpaka Idi," akasema. "Kama siku hiyo kidonda kiko wazi, fundi atakuja na nyundo, nawe utashika ngazi."

Sasa niseme nilichokuwa nakijua, ambacho wao hawakukijua.

Katika ile hospitali ya Uarabuni kulikuwa na daktari mwanamke, Msudani, aliyetibu vidonda vya miguu. Mimi nilikuwa mtu wa vitanda tu, lakini nilikuwa na macho, na yeye aliyaona macho yangu. Alasiri moja, wagonjwa wamekwisha, aliniita kwenye hadubini. "Tazama," akasema, "usiguse." Nikainama. Nikaona duara la mwanga, na ndani yake mduara mwingine wa waridi, na kuzunguka ukuta wake wa ndani, vitone vya zambarau vimepangana bega kwa bega. Vilikuwa vimetulia mno. Sijui nilitazama kwa muda gani. Nakumbuka feni juu ya dari, nakumbuka harufu ya spiriti, na nakumbuka nikifikiri kwamba niko juu sana angani na ninautazama mji uliozungukwa na jeshi.

Lilikuwa jeshi kweli. Aliniambia ule ulikuwa ukuta wa vena, mshipa unaorudisha damu moyoni, na vile vitone ni chembe nyeupe, kinga ya mwili. Ndani ya vena za mguu mna vilango vidogo vinavyozuia damu isirudi chini. Vilango vikilegea, damu hushuka na kusimama. Damu ikisimama, chembe nyeupe ambazo kazi yake ni kupita na kukagua nazo husimama. Hujigandisha ukutani. Husukumwa na presha, huhisi kuna jambo, huuingia ukuta na kuanza vita. Hapana adui, lakini silaha wanazo na wanazitumia. Ukuta unavimba, unavuja, chembe nyekundu zinamwagika na kutu yake inaipaka ngozi ile rangi ya hina. Moto huo wa ndani, ambao kitabuni niliusoma baadaye kwa jina la mchochota, huwaka miaka mingi kabla ngozi haijapasuka. Kidonda ni mwisho wa hadithi. Watu hukimwagia dawa kidonda, nao moto uko nyuma ya nyumba.

Shangazi nilimweleza kwa lugha ya biashara yake.

"Wateja wako wakipita, wakanunua, wakaenda zao, kuna ugomvi?"

"Hakuna."

"Na wakisimama foleni mpaka jua kali, karai halijachemka?"

"Watatukanana."

"Halafu?"

"Watavunja benchi langu." Akaukunjua mguu, akautazama kwa muda. "Kwa hiyo hili ni benchi."

"Ndilo benchi. Na mimi sitibu benchi. Mimi naondoa foleni."

Akatabasamu, akasema nimejifunza maneno huko nilikokwenda.

Kuondoa foleni ni kuufunga mguu kwa nguvu, kutoka mwanzo wa vidole mpaka chini ya goti, kitambaa kikaze zaidi kifundoni na kilegee kidogo kidogo kikipanda, kisha mtu atembee. Nyama iliyo nyuma ya muundi ni moyo wa pili. Ikijikaza dhidi ya kitambaa kisichotii, huisukuma damu juu. Kwanza nilitia vidole viwili juu ya unyayo wake nikatafuta mapigo, kwa maana mguu usiopata damu ya kutosha kutoka juu ukiufunga unauua. Nikayapata, yanapiga kwa raha kama kifaranga kiganjani. Hapo nikajua ni kazi yangu.

Bandeji za mpira nilikuwa nimekuja nazo mbili. Baada ya kufuliwa mara tatu zikawa kama soksi za mzee. Zahanati haikuwa nazo. Na nilihitaji seti tatu, moja mguuni, moja kwenye kamba, moja kwenye sufuria. Nililifikiria jambo hilo siku mbili, na siku ya tatu nikawa nimekaa barazani nikimwangalia mwanamke akipita amejifunga leso, na upepo wa kusi ukiivuta ile leso nayo haivutiki. Pamba iliyofumwa kwa kukaza. Haina mpira, haitii. Nikasimama.

"Shangazi, nipe leso zako."

"Ninazovaa zimechakaa, zitapasuka mkononi mwako. Zilizo sandukuni si za dunia hii." Alikuwa na doti tatu mpya katika sanduku la mbao, zenye udi, alizoziweka kwa ajili ya kuoshewa na kufunikwa siku yake. "Zile ni za safari. Usiziguse."

Basi tukaazima. Kwetu leso huuzwa mbili mbili, doti, na mwanamke akikupa moja amebaki na mjane. Zaidi ya hayo, walikuwa wamesikia habari ya kizingiti, na nguo iliyogusa kidonda cha namna ile nani anataka irudi kabatini mwake? Nilizunguka nyumba kwa nyumba nikiwa nimevaa saa yangu. Niliwaambia kila leso itarudi kwa doti nzima, mpya, siku mguu utakapofunga. Wanawake watano walinipa. Mmoja alinipa huku ameangalia pembeni. Mwingine alisema, "Chukua, kwanza jina lililoandikwa hapo lilikuwa la kumtukana mke mwenzangu, na mke mwenzangu amekufa."

Wa sita alikuwa mwalimu wa chuo cha wanawake, jirani wa shangazi wa ukuta kwa ukuta, aliyewafundisha mama zetu Kurani na kuwachapa. Alikuwa mwembamba, sauti yake nene.

"Leso yangu uichane?"

"Niichane vipande, mwalimu."

"Uniletee doti?"

"Doti nzima."

"Baba yako aliniahidi samaki mwaka uliozaliwa wewe. Bado nangoja." Akafunga dirisha.

Kwa ajili ya kuulinda mfupa wa kifundo usiumizwe na kitambaa nilitaka kitu laini. Nikapata sufi ya kujazia mito huko Kombani, gunia dogo, na kwa kuifunika nikaenda Diani kwa msimamizi wa dobi katika hoteli ambako nilifanya kibarua kabla sijaondoka. Mtu huyu alitoka bara, Mkristo, mrefu, aliyebaki wakati wenzake wengi walipokuwa wamerudi makwao baada ya fujo za mwaka uliotangulia za kuwafukuza watu wa bara. Hoteli ilikuwa na vyumba vingi na wageni wachache. Nilimkuta katikati ya mashine zilizonyamaza, mvuke wa moja tu ukipanda kuelekea dirishani, shuka nyeupe zimepangwa mpaka darini kama mawingu yaliyoambiwa yangoje.

"Daktari," akasema, "hii shuka unataka ya kazi gani?"

"Ya mguu."

"Mguu moja inalala kwa shuka ngapi?"

"Nne. Zilizochakaa."

"Mimi hizi zimehesabiwa, hata zile mzee. Siwezi kupea wewe. Naweza kukuazima." Akazivuta nne kutoka chini ya rundo, akazinusa, akanipa. "Ukikosa kurudisha, mimi nalala bila kazi."

Hivyo ndivyo tulivyoanza. Nilichana leso kwa urefu, upana wa kiganja, nikashona vipande mwisho kwa mwisho. Kila asubuhi, nikitoka chumba nilichopanga nyuma ya nyumba ya mwalimu kwenda zahanati nilikokuwa nimepata kazi, nilipita kumfunga. Zambarau, njano, nyeusi, maua ya mkorosho, nusu ya neno, robo ya neno, vyote vikizunguka mguu mmoja. Nilimpiga marufuku kusimama. Alimwajiri binti wa jirani asimame kwenye karai, na yeye akachukua beseni na kuyapeleka mahamri kwa miguu, nyumba hadi nyumba. Alikuwa akikasirika. Kisha nikamwona siku moja akiwa mbali barabarani, beseni kichwani, anatembea taratibu katika mwanga ule wa asubuhi ambao bado hauna kivuli, na mguu wake umevaa majina ya leso za wanawake watano, na nilisimama nikamtazama mpaka alipopinda.

Mwezi wa kwanza uvimbe ulipungua. Nilitembea kifua mbele. Nilimwambia baba mkubwa aanze kumtafutia fundi kazi nyingine.

Mwezi wa pili mguu ukageuka. Ngozi ikawa nyekundu na moto, kidonda kikalowesha sufi yote kabla ya adhuhuri. Sasa hapa nitasema kosa langu, kwa sababu mtu anayejisifu kwa haki lazima aseme na pale alipopotea. Niliona wekundu na joto nikasema ni wadudu. Mimi, niliyeinama kwenye hadubini ile, nikafanya kama wale wa zahanati mbili: nikamchoma sindano za dawa ya kuua wadudu siku saba, kisha saba nyingine. Hakuwa na homa. Kidonda hakikuwa na usaha. Hapakuwa na mdudu wa kuua. Ulikuwa ule ule moto wa askari wasio na adui, na mimi nikawaongezea risasi.

Watu wakaanza kuniita Daktari wa Leso. Baba mkubwa akaja na fundi, bado miezi minne. Fundi akafungua futi ya kukunja akaupima ule mlango wa mbambakofi, juu, chini, na unene wa bawaba, akaandika kwa kalamu ya risasi juu ya mwimo wenyewe. Shangazi alikuwa ameketi ndani. Alizisikia namba zote.

"Usifute," baba mkubwa akaniambia alipoona mkono wangu. "Atazihitaji."

Siku mbili baadaye nilisahau mkasi kwake nikaurudia adhuhuri, saa ambayo siku zote nilikuwa zahanati. Nilimkuta uani, juu ya kigoda, kata ya maji mkononi. Mbele yake vitambaa vyote vilikuwa vimefunguliwa, vimelundikana mchangani. Alikuwa akiuosha mguu, taratibu, mpaka juu ya kifundo, mara ya kwanza, ya pili, ya tatu. Kisha akaanza kujifunga mwenyewe. Alianzia chini ya goti, akakaza pale pale, akashuka akilegeza.

Nikavuka ua mbio.

"Shangazi, unafanya nini?"

"Natia udhu."

"Kila siku?"

"Mara tano. Ulitaka nisimame mbele ya Mungu na uchafu?"

Mara tano kwa siku, tangu siku ya kwanza. Kazi yangu ya asubuhi ilikuwa ikidumu mpaka adhuhuri tu, kisha mkono wake ulifunga juu kwa nguvu na chini kwa ulegevu, kama mtu azibaye mdomo wa gunia lililojaa maji. Foleni nzima alikuwa akiifungia mlango. Na mimi, mwenye stashahada, mtoto wa nyumba hii, sikuuliza. Kitabuni hapakuwa na ukurasa wa udhu.

Sikwenda zahanati tena siku ile. Niligonga dirisha la jirani.

"Shikamoo mwalimu."

"Marahaba. Leso sina."

"Sikuja kwa leso. Nimekuja kwa fatwa."

Dirisha likafunguka zaidi. Nilimweleza. Alisikiliza huku akinitazama kuanzia saa yangu mpaka viatu vyangu.

"Ulikaa Uarabuni miaka mingapi?"

"Sita."

"Ukisali?"

"Nikisali, mwalimu."

"Na katika hospitali yote ile hukumwona Muislamu aliyevunjika mkono akatia udhu?"

Nilikuwa nimewaona wengi. Nilikuwa nikiwasukuma.

"Elimu ya kichwani imekaa, ya machoni imepita," akasema. "Sikiliza. Atie udhu kwanza, mguu uko wazi, kidonda tu kisiguswe maji. Halafu umfunge akiwa na udhu wake. Kutoka hapo, kila sala, aoshe panapoonekana, vidole vile, apanguse juu ya kitambaa kwa mkono wenye maji, na atayamamu kwa vumbi safi kwa ajili ya pale palipofichika. Hafungui. Dini haikuja kumuozesha mtu mguu."

"Nimfunge saa ngapi, basi?"

"Alfajiri, akimaliza udhu. Wewe hulala mpaka jua, najua, nasikia unavyokoroma."

Ikawa alfajiri. Na ndipo nilipoona kitu ambacho hata yule daktari Msudani alinifundisha nami sikukitilia maanani: alfajiri, mtu ametoka kitandani, mguu huwa mwembamba kuliko saa zote. Damu bado haijashuka. Chembe zile bado hazijasimama. Ukimfunga hapo, umeikamata siku kabla haijaanza. Mwalimu mwenyewe alikuja asubuhi ya kwanza, akasimama na tochi, asimamie udhu na kufunga. Hakuamini mikono yangu wala kumbukumbu ya shangazi.

"Anza vidoleni," nilimwambia shangazi, nikimwonyesha ili ajue. "Vidoleni."

"Nimesikia. Nilikuosha wewe vidole hivyo."

Mwalimu alipomaliza kutazama alifungua bahasha ya plastiki aliyoishika kwapani. Ndani mlikuwa na leso, nyekundu na nyeupe, imefuliwa mara chache.

"Moja," akasema. "Sikukupa. Nimekuazima."

Sindano niliziacha. Wekundu ulikaa siku kumi, kisha ukaanza kurudi nyuma, kama watu wanaoondoka mkutanoni mmoja mmoja, bila mtu kuwafukuza. Joto likashuka. Sufi ikaanza kukauka. Miezi iliyofuata nikiikumbuka sioni siku, naona asubuhi moja ndefu: giza linalokuwa bluu, sauti ya kata katika mtungi, muundi wa shangazi juu ya paja langu, kitambaa kikipita mkono wa kulia kwenda wa kushoto, na yeye akisoma nyuradi kwa pumzi tu, midomo haisogei. Wakati mwingine nilidhani ninafunga mguu wa mtu aliyelala. Wakati mwingine nilidhani mimi ndiye niliyelala.

Ngozi mpya huja kutoka kingoni, kama maji yanavyojaa mkondoni, huoni yakija. Wiki hii kidonda kilikuwa kifuniko cha birika, wiki ile kikombe cha kahawa. Mfungo wa Ramadhani ulipoingia kilikuwa punje ya kunde. Ile rangi ya hina haikuondoka na haitaondoka, na mishipa yenyewe haikupona. Vilango vikishalegea havikazi tena. Nilimwambia hivyo. Mguu huu utafungwa maisha yake yote.

"Maisha yangu yote ni siku ngapi," akasema. "Tutafunga."

Siku tatu kabla ya Idi nilifungua kitambaa nikakuta pakavu. Waridi, paking'aa kidogo, kama ukucha wa mtoto. Nilipaangalia muda mrefu. Yeye alikuwa amefumba macho.

"Niambie," akasema.

"Benchi limepona."

Baba mkubwa alikuja asubuhi ya Idi pamoja na fundi, kwa maana ahadi ni ahadi. Shangazi alimkuta mlangoni, akapandisha gauni kidogo, akamwekea mguu juu ya kizingiti kile kile. Baba mkubwa aliinama, akavaa miwani, akainama tena. Kisha akamgeukia fundi.

"Una randa?"

"Ninayo."

"Parande hapa, hizi namba zako zinachafua mlango wa watu."

Juma lililofuata nikaenda Mombasa kwenye maduka ya leso. Nilinunua doti sita na kitambaa cheupe cha marekani cha kutosha shuka nne, nikampa fundi cherehani azipinde pindo. Diani nilikwenda kwanza. Msimamizi wa dobi alizigusa zile shuka kwa kidole gumba.

"Hii ni mpya kushinda hoteli yenyewe," akasema, akazitia chini kabisa ya rundo, mahali mkubwa wake asipozifikia.

Leso nilitaka kuzipeleka peke yangu, jioni, nikiwa nimevaa suruali yangu ya Nairobi. Shangazi akakataa. Asubuhi yake aliniita chumbani. Lile sanduku la mbao lilikuwa wazi na harufu ya udi imejaa. Alikuwa ameshika leso moja ya safari, mpya kabisa, meno yake kwenye upindo. Alichana. Sauti ile ilikwenda mpaka mwisho wa kitambaa.

"Za watu zinarudi," akasema. "Mimi nifungwe kwa changu. Safari itangoja."

Nikamfunga kwa hiyo. Kisha akalitia beseni kichwani, ndani yake doti sita, na mahamri juu ya kila doti, kwa maana alisema nguo ya kuazima hairudi mikono mitupu. Akatangulia yeye. Mimi nilimfuata nyuma nikiwa sina cha kubeba. Nyumba ya kwanza, ya pili. Hakuchechemea. Kila mlango alisema salamu zote, akauliza habari za watoto wote, akanyoosha mguu waone. Yule mwenye mke mwenza aliyekufa aliisoma leso yake mpya, akasema maneno yake ni ya upole mno, lakini atayazoea.

Ya mwisho ilikuwa ya ukuta kwa ukuta. Mwalimu aliipokea doti, akaitandaza mkekani, akaikagua kona nne. Halafu akaomba mkasi. Akaikata katikati, pale zinapokatwa, akaikunja moja na kuiweka magotini mwake. Ya pili akampa shangazi.

"Nilimwazima moja," akasema.

Wakakaa pale wanawake wawili, kila mmoja na nusu yake, wakaanza kuzungumza juu ya bei ya unga. Mimi nilikuwa bado nimesimama. Nikasema kwamba sasa sidaiwi na mtu.

"Samaki wa baba yako," mwalimu akasema, bila kuinua macho.